Jina la Guka na Ua wa Kayaba

Wewe uliyeoa katika familia ndogo ya watu wanaosikilizana, ukurasa huu haukuhusu, funua mwingine. Naongea na wale wenzangu ambao pikipiki ya kumleta mama mkwe ikipunguza mwendo getini, mikono yao huanza kupanga mito ya viti bila kuamriwa. Sogeeni karibu. Tena nimiminieni chai.

Kwetu ni Mweiga, njia ya Nyeri kwenda Nyahururu, kwenye ile sehemu ya Kieni ambako mvua ya Nyandarua hutupita huku tunaiangalia. Mkija mwezi wa Julai, bebeni sweta mbili. Na kabla hamjaanza: ndiyo, naujua utani wenu kuhusu waume wa Nyeri na vipigo. Mimi sijawahi kupigwa. Haijahitajika. Nyumbani kwangu mimi hushindwa kwa kura.

Mke wangu namwita Spika, kwa kuwa ndiye atoaye ruhusa ya kuzungumza, na akishasema "tumeamua", hoja haifunguliwi tena. Kifungua mimba wetu ni Profesa, kijana wa sekondari anayesoma hata maandishi ya mfuko wa unga. Wa pili ni Gathi, ambaye kisa hiki ni chake. Kitinda mimba ni Kachero, binti wa miaka mitano, na huyo lolote likisemwa sebuleni usiku, asubuhi limeshafika kwa nyanyake. Hatujui analifikishaje. Simu hana.

Mwezi huo wa Julai tulikuwa tumeongezeka. Spika alikuwa amenunua vifaranga wa siku moja, na kwa sababu baridi ya Kieni haina huruma kwa kiumbe asiye na manyoya, waliwekwa sebuleni pembeni ya televisheni, jiko la makaa katikati yao. Taarifa ya habari tuliisoma midomoni mwa mtangazaji, maana sauti haikusikika. Nilipouliza watakaa hapo hadi lini, nilijibiwa kwamba hao angalau watataga.

Basi Gathi akaja na kazi ya shule. Wenzangu wa 8-4-4, nyinyi mnakumbuka mtoto akipewa kazi anaifanya mtoto. Siku hizi anayelala saa saba usiku ni mzazi. Tumeshasuka ufagio, tumeshatengeneza mwanasesere wa maganda ya mahindi, tumeshapigwa picha tukiponda mukimo ili mwalimu athibitishe kuwa tunakula. Safari hii ilikuwa karatasi ya manila: chora mti wa ukoo wenu, ueleze jina lako lilitoka wapi na maana yake ni nini, ukishirikiana na mzazi. Aliyeandika hilo "ukishirikiana", nina hakika hana mtoto.

Mtoto anaitwa Jayden Gathimiro. Jayden halikuwa na shida. Spika alilitoa kwenye televisheni akiwa mjamzito, na nusu ya darasa lao ni akina Jayden. Taabu ilikuwa Gathimiro. Kwa Wagikuyu jina halichaguliwi, linarudi. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babake mume, wa pili la babake mke, na wasichana vivyo hivyo kwa akina shosho. Baba yangu ni Wachira, na ukiita "Wachira!" pale steji ya Mweiga wataitika makanga watatu na abiria mmoja. Kwa hiyo Profesa alipopewa kazi kama hiyo miaka ya nyuma, tulimaliza kabla chai haijapoa. Lakini Gathimiro? Nawajua wawili tu duniani: baba mkwe wangu na huyu wa kwangu. Baba mkwe naye aliitwa kwa babu yake. Jina lilikuwa limerudi, likarudi tena, na hakuna aliyejua lilikuwa wapi kabla ya kuanza kurudi.

Nilianza na mwenyewe. Baba mkwe, ambaye watoto humwita Guka, alizaliwa 1948 na maneno yake huyatumia kwa bajeti. Nilimkuta kwenye benchi lake, redio kifuani. Nikamuuliza kwa adabu zote za mkwe: "Baba, hili jina lenu maana yake nini?" Akafikiri. Habari zikapita, matangazo ya vifo yakapita, bei ya maziwa ikapita.

"Nilipewa," akasema, na kuongeza sauti ya redio.

Mama mkwe hakungoja kuulizwa. Kachero alikuwa kazini. Mama mkwe namwita Mahakama ya Juu, kwa kuwa zaidi yake hakuna pa kukata rufaa. Aliteremka kwenye boda boda na hukumu ikiwa tayari mdomoni: Gathimiro ni jina la kupima. Gũthima ni kupima, kila Mgikuyu anajua. Babu yake Guka alikuwa mpimaji wa mashamba, mtu wa haki, ambaye pande zote mbili zilimwita palipotokea ugomvi wa mpaka. "Andika," akaniambia.

Hapa lazima nichepuke kidogo. Kati ya shamba la wakwe zangu na la jirani yao kuna ua wa kayaba ambao, kwa mujibu wa Mahakama ya Juu, hutembea usiku. Kila mwaka husogea hatua moja kuelekea kwenye viazi vyake. Chifu ameshakuja, wazee wameshakaa, mbuzi wameshaliwa. Jirani ana ramani. Mama mkwe ana jina. "Utamfundisha nini mtu wa ukoo wa wapimaji kuhusu mpaka?" ndiyo hoja yake, na nimeisikia kwenye baraza, kwenye harambee, na mara moja kwenye mazishi, marehemu akiwa bado hajashushwa. Kwa hiyo elewa kwamba maana ya jina hilo haikuwa mchezo wa watoto. Ilikuwa kielelezo namba moja.

Nikaandika. Mimi ni mtu wa amani. Aliyeharibu ni Profesa, aliyeinua kichwa kutoka kitabuni na kusema, bila ubaya wowote, kwamba mashamba ya Wagikuyu yalipimwa na kuunganishwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Na kama Guka alizaliwa 1948 na kupewa jina la babu yake, basi huyo babu alikuwa Gathimiro kabla kamba ya mpimaji haijafika.

Vifaranga tu ndio walioendelea kusema.

"Profesa," Spika akasema, "nenda ukalete kuni."

Jumapili akaja kaka yake Spika, Bwana Hakika. Kila sentensi yake huanza na "kwa hakika", na sijawahi kuona inayofuata ikiwa ya hakika. Aliingia chakula kikitengwa, akajipakulia kabla ya sala. Msimlaumu, ni damu. Ukoo wa mke wangu haujawahi kusimama nyuma ya mtu. Kwenye ruracio, siku ya kupeleka mahari, tukiwa wageni rasmi tuliotoka mbali na mitungi yetu, wajomba zake walishaanza kula tulipokuwa tunanawa. Mei 2015, Sista Irene Stefani, yule watu walimwita Nyaatha, alipotangazwa mwenye heri pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, barabara hii hii ya kuja Mweiga, umati ulifunika viwanja. Mahakama ya Juu iliondoka nyumbani imechelewa na bado ikaketi mbele ya watawa. Spika mwenyewe, kliniki, huingia kwa daktari "kuuliza swali dogo tu" na kutoka na dawa. Hata Gathi alizaliwa kabla ya tarehe aliyopewa.

Tuendelee. Bwana Hakika akatafuna, akameza, akasema: "Kwa hakika, hilo ni jina la Mtaliano."

Sasa mtu wa Nyeri ukimtajia Waitaliano huwezi kumzuia. Akaanza na Amedeo, yule mtawala mkuu wa Mussolini kule Ethiopia, aliyefia Nairobi akiwa mfungwa wa vita Machi 1942, na ambaye hadi leo amelala katika kanisa la Waitaliano hapo Nyeri pamoja na askari wake. Akaja kwa Felice Benuzzi, mfungwa wa kambi ya Nanyuki, aliyetoroka Januari 1943 na wenzake wawili. Hawakutoroka kurudi kwao. Walikwenda kupanda Mlima Kenya, na wawili kati yao wakafika Point Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakashuka na kujirudisha wenyewe kambini. Watu husimulia kisa hicho wakishangaa. Mimi sishangai hata kidogo. Kuna Jumapili ambazo na mimi ningeruka ua, nipande, nipumue hewa ya barafu isiyo na maoni, nirudi kabla ya chai ya saa kumi.

Kwa hiyo, akamalizia Bwana Hakika, miongoni mwa wafungwa hao lazima kulikuwa na fundi wa mawe aitwaye Casimiro, rafiki wa babu, na jina likatolewa kwa urafiki. Fundi huyo alikuwa amempata hapo hapo, kati ya kitoweo na ndizi.

Ndipo jambo la ajabu likatokea. Guka akazima redio.

"Babu aliitwa hivyo kabla ya vita."

"Vita vipi, baba?"

"Vya Hitler."

Akawasha redio. Spika alinong'ona kwamba hajamsikia akisema mengi hivyo tangu harusi yetu.

Lakini hilo "Casimiro" lilikuwa limenikaa. Spika akalitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lile ambalo kwa kawaida ni la michango na picha za maua zenye "Jumatatu njema". Usiku akajibu binamu yao aliye Arusha, dereva wa watalii, tunamwita Safari. Hajui kuandika ujumbe mfupi; alituma sauti, nasi tukaisikiliza vipande vipande, vifaranga wakiitikia. Alisema ameshawapeleka Wapolandi wengi Tengeru, na kwao Kazimierz ni jina la kawaida kabisa. Wakiwa na haraka husema Kazik.

Tengeru? Ndiyo, Tengeru ya hapo chini ya Mlima Meru. Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti na kutupwa Siberia na Kazakhstan walipata njia ya kutoka kupitia Iran mwaka 1942, na zaidi ya 15,000 kati yao, wengi wakiwa akina mama na watoto, wakaletwa kwa meli mpaka pwani yetu, wakatawanywa: Masindi na Koja kule Uganda, na kwingineko, lakini kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu watu 5,000. Walijenga kanisa, shule, wakalima. Vita vilipokwisha, wengi hawakutaka kurudi kwenye nchi iliyokuwa chini ya Stalin. Wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa, na huko ndiko Safari huwapeleka wageni wake. Nadharia yake ilikuwa kwamba babu aliwahi kuuza ng'ombe Arusha.

"Kwa hakika," akaandika Bwana Hakika kundini, "mimi nilisema ni Mzungu."

Sawa, jina ni la Kipolandi. Ila 1942 ilikuwa imechelewa kama fundi wa mawe alivyochelewa. Nililala nikigeuka. Mpolandi gani huyo aliyempata Mgikuyu wa mlimani kabla ya Hitler?

Jibu lilikuwa limetundikwa ukutani mwangu, na lilitoka kwa mama mkwe: kalenda ya kanisa, yenye mtakatifu chini ya kila tarehe. Machi 4, Kasimiri.

Wakwe zangu si wenyeji wa asili wa Mweiga. Hapa palikuwa pa walowezi hadi uhuru. Kwao ni Mukurweini. Na Mukurweini ilifikiwa mapema na wamisionari wa Consolata, wale wa Padri Allamano wa Turin, ambao wanne wa kwanza waliingia Tuthu mwaka 1902 wakapokelewa na chifu Karuri wa Gakure, kisha wakaeneza misheni hadi Mathari na vilima vyote hivi. Sista Irene mwenyewe alifanya kazi Gikondi, huko huko Mukurweini, hadi alipofariki 1930. Kama babu alibatizwa, alibatizwa na Mtaliano.

Nikamchukua Profesa tukaenda. Spika aliruhusu safari kwa sharti kwamba turudi na chakula cha vifaranga. Kwenye misheni ya zamani tulipokewa na katekista mzee, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyetushushia kitabu kikubwa cha ubatizo, kimeandikwa Kilatini kwa wino uliogeuka kahawia. Akapapasa kurasa za miaka ya ishirini. Akapata mwaka, akapata kijiji, akapata baba wa huyo mtu. Kisha akageuza kitabu upande wetu. Casimirus.

Profesa ndiye aliyeona lingine. Siku ile hakubatizwa peke yake; walikuwa kundi zima, wamepangwa wanaume kwanza. Chini ya Casimirus alikuwepo Thomas. Chini ya Thomas, Joannes. Kisha wanawake: Perpetua, Felicitas, Francisca. Katekista akatabasamu. Padri, akasema, alikuwa akifuata kalenda: wasiokuja na jina walipewa la mtakatifu anayefuata. Na kwa kalenda ya wakati ule ndivyo ilivyokuwa: Kasimiri Machi 4, Perpetua na Felisita tarehe 6, Thomas wa Akwino tarehe 7, Yohane wa Mungu tarehe 8, Fransiska wa Roma tarehe 9.

Maana yake ni nini, msomaji? Maana yake babu alikuwa wa kwanza kwenye foleni! Angemwacha mwenzake mmoja tu apite, angekuwa Thomas, na akina Thomas Mukurweini wanajaza matatu. Nilicheka hadi katekista akaenda kufunga mlango. Miaka karibu mia ya fumbo la ukoo, na chini yake palikuwa na mtu wa ukoo wa mke wangu akipenya mbele ya wenzake.

Yaliyobaki yalijieleza. Padri wa Turin anatamka Casimiro. Kinywa cha Kigikuyu cha siku zile hakina "s", kinaweka "th". Na "ka" ikikutana na "th" hugeuka "ga", ndiyo maana tunasema gũthoma wala si kũthoma. Gathimiro. Karani wa kipande akaandika alichosikia. Vizazi viwili baadaye hakuna aliyekumbuka kwamba ni jina la ubatizo, kwa hiyo Guka alipobatizwa wakamwongezea Petro, wakiona Gathimiro ni la kienyeji mno kuingia nalo kanisani.

Usiku nikamsomea Spika habari za mtakatifu mwenyewe. Mwana wa mfalme wa Polandi, amezaliwa Kraków 1458. Mtoto wa pili wa kiume, sawa na Gathi. Akiwa na miaka kumi na mitatu alitumwa pamoja na jeshi kwenda kuchukua kiti cha ufalme wa Hungaria, akarudi mikono mitupu. Alikataa kuoa, na kifua kikuu kikamuua Machi 4, 1484, akiwa na miaka ishirini na mitano, amezikwa Vilnius. Baba yake naye aliitwa Kazimierz, jambo lililomsumbua sana Spika. "Alimwita mtoto jina lake mwenyewe? Na babu akaitwa wapi?" Kisha nikampa yule Casimir Funk, mwanakemia mzaliwa wa Warsaw, ambaye 1912 alitunga neno tunalolijua sote kama vitamini. Hilo alilipenda. Tangu usiku huo Gathi akisukuma sahani ya sukuma wiki huambiwa kwamba anamwaibisha wajina wake.

"Na maana?" akauliza.

Nikashusha sauti. Ni maneno mawili ya Kislavoni yaliyounganishwa. La mwisho, mir, ni amani. La mbele linatokana na kuharibu. Wapo wataalamu wanaolisoma kwa upole zaidi, lakini usomaji uliozoeleka ni huo: mharibu amani.

Spika alinyamaza kidogo. Nadhani alikuwa akipitia sura za jamaa zake mmoja mmoja. "Hilo," akasema, "usimsomee mama."

Nyuma ya kochi, kati ya vifaranga, kitu kikajongea. Alikuwa Kachero.

Saa moja asubuhi pikipiki ilikuwa getini. Mahakama ya Juu ilisikiliza ushahidi wangu wote imesimama, mkoba begani: kitabu, Kilatini, kalenda, Kraków. Mkwe habishani na mama mkwe, kwa hiyo nilisema nikiangalia jiko. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Polandi iko upande gani wa kayaba?"

Hakuna upande, mama.

"Basi. Andika mpimaji."

Nilimtazama Spika. Spika alisema yeye hana upande, na kwa kuwa hana upande, kazi iandikwe anavyotaka mama. Bwana Hakika alipiga kura kwa simu. Nikamgeukia Guka, aliyekuja amekaa nyuma ya pikipiki ile ile, nikamuuliza kama anajua kwa nini babu yake alitaka kuwa wa kwanza siku ile. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Mbuzi walikuwa peke yao," akasema.

Mti wangu wa ukoo, ule wa kweli, wenye mshale mwekundu kutoka Mukurweini hadi Kraków, ulishakwisha kuondoka duniani. Usiku baridi ilizidi na Spika aliuzungusha kama kizuizi cha upepo pembeni ya jiko. Vifaranga walikuwa wameongeza maelezo yao upande wa Hungaria. Nikatumwa dukani kununua manila nyingine, nikachora mti wa pili, mama mkwe akitoa imla na Profesa akihamia chumbani kwa hiari yake.

Kilichonifariji ni kwamba mambo yangeishia kwenye manila. Hatukukumbuka kuwa kazi hizi husomwa mbele ya darasa. Gathi alisimama, akaeleza mpimaji kama alivyofundishwa, mwalimu akauliza kama kuna la ziada, naye kwa moyo mkunjufu akawaambia wote kwamba kwa Kipolandi yeye ni Mharibu Amani. Darasa lilipiga makofi. Mjukuu wa jirani, yule wa kayaba, yumo katika darasa hilo. Matokeo yakaja: "Kukaribia matarajio."

Wiki hiyo hiyo jirani alikwenda kwa chifu na ramani yake, akaongeza hoja mpya, kwamba hata jina la watu hao linasema.

Nililala chumba cha Profesa kwa muda. Sitaeleza zaidi.

Lakini Mahakama ya Juu haijafika ilipo kwa kung'ang'ania kielelezo kilichovunjika. Kufikia Krismasi mpimaji alikuwa hatajwi tena. Alikuwa amezaliwa mwana wa mfalme. "Huyo jirani anajua anapakana na nani?" Machi 4 ilipofika alimvisha Gathi suti, akamketisha kiti cha mbele kabisa, na baada ya misa akamweleza Padri kwamba siku hiyo ni ya familia yetu na ilifaa kutangazwa. Kwaresima ilikuwa imeanza, akaamua kwamba haikuwa Ijumaa na mwana wa mfalme ana haki ya mbuzi. Mbuzi alitoka kwenye banda langu. Kuku pia, maana wale vifaranga sasa walikuwa wakubwa. Jirani akaalikwa, aje ajionee.

Alikuja. Nyama ilipoiva na watu wakaitwa wapange foleni na sahani zao, Bwana Hakika alikwenda moja kwa moja mbele kama kawaida ya ukoo, akakuta pamechukuliwa. Jirani alikuwa ameshasimama hapo, sahani mkononi, anachagua ubavu.

Mama mkwe alimtazama kwa muda, kisha akaniita pembeni.

"Huyu naye," akasema, "nenda ukamtafute kwenye kile kitabu."

Naondoka Jumatatu. Spika ameshaniandikia vitu vya kununua njiani.